Kupokea kwa Mikono Miwili

Baba yangu alipokea mtama kwa mikono miwili, na mimi akanitoa kwa mkono mmoja. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalolikumbuka sawasawa katika maisha yangu. Kama kuna la kabla ya hapo, basi njaa ililila.

Tulikuwa tumetoka Ugogo, upande wa Hombolo, tukapanda hadi milima ya Kondoa kuhemea. Siku hizi watoto wanalisikia neno hilo wanacheka. Kuhemea ni kwenda kutafuta chakula kwa watu ambao mvua haikuwasusa, ukiwa umebeba chochote ulichobakiza cha kubadilishana: ngozi, chumvi, mbuzi kama bado anaweza kutembea. Mwaka ule baba hakuwa na ngozi, wala chumvi, wala mbuzi. Alikuwa na mimi. Mama alikuwa amekwisha kufa, na wadogo zangu, na ng'ombe kabla yao wote.

Huko Busi tulimkuta bibi mmoja Mrangi, mjane, akiishi peke yake katika tembe, nyumba ndefu ya udongo iliyojengwa kwa ajili ya watu wengi. Baba aliwahi kumpelekea chumvi miaka ya shibe. Walisalimiana kwa Kiswahili cha wapagazi, maana hakuna aliyeijua lugha ya mwenzake. Bibi akaingia ndani, akatoka na kilindo cha mtama, lile pipa dogo la gome la mti. Baba akapiga goti, akapokea kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa. Halafu akanisukuma begani, kwa mkono mmoja tu, kwa kuwa wa pili ulikuwa umekumbatia mtama.

"Mvua ikinyesha nitakuja," akasema.

Mimi nilikuwa mtoto niliyefundwa. Kwetu mtu hapokei wala hatoi kwa mkono mmoja. Mama alishanichapa vidole kwa kosa hilo, na kibuyu cha maziwa akakirudisha ndani nikalala hivyo hivyo. Kinachotolewa kwa mkono mmoja hakijatolewa kwa moyo. Kwa hiyo, nikitazama mgongo wa baba ukiteremka mlima, nilipiga hesabu zangu za kitoto: hakunitoa. Ameniweka tu, kama mtu anavyoweka mzigo ukutani ajifunge viatu. Nilifarijika sana.

Mvua ilinyesha. Ikanyesha ya mwaka uliofuata. Nilirefuka, nikaota matiti, na njia ya kuteremka bondeni ilibaki tupu.

Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi hakuingoja hiyo ya tatu. Asubuhi yangu ya kwanza alinionyesha jiwe la kusagia, akakaa pembeni kuona kama Wagogo wanajua kusaga. Hakuwa mwanamke mbaya, ila ulimi wake ulikuwa kama ganda la mtama, unakwaruza kila mahali. Hakunipiga. Hakunikumbatia pia. Maneno yake mengi aliyatumia kwa kuku, nami nikapata yaliyobaki. Alikuwa na watoto wa kiume, wakubwa, waliochukua mizigo ya msafara wakapotelea nayo. Mmoja inasemekana alikwenda kujenga reli ya Wajerumani iliyokuwa inapita Dodoma, mwingine hakuna aliyejua. Jioni alikaa mlangoni akitazama njia, nami nikakaa upande wa pili nikiitazama hiyo hiyo. Hatukuwahi kuambiana tunachokitazama.

Upweke wa pale nitaueleza vipi? Si kwamba watu hawakuwapo. Walikuwapo, na walinisalimu, ila kila aliyenisalimu aliuliza, "Wewe ni wa nani?" Nami sikuwa na jibu. Nikisema wa baba, wangeuliza yuko wapi. Nikisema wa bibi, yeye mwenyewe angeweza kunisikia akacheka. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, kuwa wa mtu.

Misheni niliifikia kwa sababu ya mayai. Mapadri walikuwa wamejenga ng'ambo ya vilima, mwendo wa kutoka alfajiri hadi jua likianza kuchoma, na wale Wazungu walikula mayai kama kicheche. Bibi akawa ananituma. Yeye alikuwa Mwislamu kwa mumewe, aliyekuwa mfanyabiashara. Alifunga Ramadhani miaka aliyoikumbuka, na ile aliyoisahau alisema alikuwa mgonjwa. Nilipomwomba ruhusa ya kubaki misheni kusikiliza mafundisho hakukasirika.

"Nenda. Mungu ni mmoja," alisema, "wanaogombana ni wapagazi wake. Lakini unga niukute umesagwa."

Mwalimu wa dini alikuwa mtu wa pwani, mweusi kama sisi, aliyeuzwa utotoni akakombolewa na mapadri, hata kabila lake halijui. Alikuwa na sauti laini na miguu iliyochakaa. Kila tulipokusanyika, kabla ya kukariri chochote, alituuliza mmoja mmoja: "Leo umeshukuru nini?" Watoto wengine walijibu haraka kama kuku wanaodonoa. Nimeshukuru uji. Nimeshukuru mama amepona. Ilipofika zamu yangu nilisema, "Sijashukuru."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja, mwalimu."

Wenzangu walishika midomo. Mwalimu akanitazama, na hakuwa na hasira hata kidogo. "Mimi pia nilianza hivyo," akasema. "Basi njoo kesho kutwa, utajaribu tena."

Nilijaribu kwa ukaidi. Nilikuwa nimeamua kumshinda. Nilisaga unga nikatafuta jambo la kushukuru nisilipate, nikafurahi kuwa silipati. Ndipo siku moja wakati wa kiangazi nilishuka mtoni kuchimba maji. Mito yetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Unachimba kwa kata na viganja, unangoja, na maji yanakuja yenyewe kwa chini, mwanzo ya matope, kisha meupe. Siku hiyo nilichimba mahali ambapo wengine walikuwa wamekata tamaa na kuondoka. Nilikaa kwenye shimo langu peke yangu, nikikasirika, nikangoja. Maji yakaja, safi tangu mwanzo. Nikajisikia nimesema asante kwa sauti, mimi mwenyewe, na hakukuwa na mtu pale wa kuambiwa. Nikageuka kutazama nyuma. Hakuna mtu. Lakini neno lilikuwa limekwisha toka na nilihisi kwamba limefika mahali.

Nilipomweleza mwalimu, hakunisifu. Alisema tu, "Haya," akapita kwa mtoto mwingine. Nilirudi Busi nikiimba njia nzima.

Kuanzia hapo nilitaka ubatizo kwa nguvu ileile niliyotumia kukataa kushukuru, na zaidi ya ubatizo nilitaka kile kilichofuata. Mwalimu alituambia kwamba siku ya Komunyo, Bwana mwenyewe anakualika mezani pake, na kila anayekula meza moja na mwenye nyumba ni wa nyumba hiyo. Wenzangu walisikia somo. Mimi nilisikia jibu la lile swali la njiani. Wewe ni wa nani? Nilihesabu kwamba baada ya siku hiyo nitaweza kujibu.

Tulifundishwa namna ya kupokea. Upige magoti, ufumbe macho, ufungue mdomo, utoe ulimi kidogo. Tulifanya mazoezi kwa vipande vya kiazi, tukachekana. Mimi nilifanya vizuri, ingawa moyoni kuna kitu hakikukaa sawa. Kwetu anayefunguliwa mdomo akalishwa ni mtoto mchanga au mtu anayekata roho. Mtu mzima mwenye adabu anapokea.

Nilibatizwa usiku wa kuamkia Pasaka, na asubuhi yake tukapiga magoti mstari mmoja mbele ya altare. Kanisa lilikuwa la udongo kama tembe, limejaa harufu ya watu na mafuta ya samli. Wenzangu walikuwa na mama zao nyuma yao. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta. Padri akaja taratibu, akisema maneno yake ya Kilatini, akitoa, akipiga hatua, akitoa. Alipofika mbele yangu nilifumba macho, na badala ya mdomo, nikatoa mikono. Naapa haikuniuliza. Iliinuka yenyewe, viganja viwili vimeungana na kuinama, kama ilivyofundwa na mama yangu kabla hajafa.

Nilisikia padri amesimama. Nikafumbua macho. Alikuwa ameishikilia Hostia, ule mkate mwembamba wa Komunyo, juu kidogo ya chombo chake, ananitazama, akatikisa kichwa. Nilidhani nimeinua chini mno. Nikainua juu zaidi. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa kabisa kwa heshima. Alingoja kidogo, kisha akapiga hatua, akampa msichana wa pili yangu.

Alinipita.

Baada ya Misa aliniita pembeni. Alikuwa mtu mrefu, si mkali, Kiswahili chake kilikuwa kigumu lakini kinaeleweka. Katika misheni za jirani, nilikuja kuelewa baadaye, watu walikuwa wamewahi kuichukua Hostia mkononi kwenda kuifanya dawa ya shamba au ya mapenzi, na mapadri waliliogopa jambo hilo kuliko simba. Kwa hiyo aliniuliza, "Ulitaka kwenda nayo wapi?"

Ningemwambia nini? Niliona kwamba ananidhania mwizi. Machozi yalinijaa, lakini yalikuwa ya hasira, nami ni mtu ambaye nikikasirika nakuwa bubu. Akasema sikufukuzwa, nirudi kujifunza vizuri, nitapokea sikukuu nyingine. Nikasema, "Ndiyo, padri." Nje wanawake walikuwa wanapiga vigelegele, wasichana wanashikwa mikono na mama zao. Nilipita katikati yao, nikashika njia ya Busi, na moyoni nilijua kwamba sirudi.

Bibi aliniona naingia na jua bado liko juu. "Wamekupa?" akauliza.

"Hawakunipa."

"Unga haujasagwa," akasema, na kusema kweli nilimshukuru kwa hilo. Nilikaa kwenye jiwe nikasaga mpaka mikono ikafa ganzi.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Misheni sikwenda tena. Mayai aliyapeleka mtoto wa jirani. Njia sikuitazama tena, maana nilishakubali kwamba baba harudi. Mwenyeji mmoja wa Hombolo aliyepita kuhemea alisema alimwona, au mtu anayefanana naye, akielekea kwenye kambi za reli; hakujua zaidi. Nilikuwa nimetolewa na baba, nimepitwa na Mungu, na nilikuwa bado sijafika umri wa kuolewa. Jioni zile upepo wa nyanda za kati unavuma bila kupumzika, unaingia ndani ya tembe na vumbi lake, unakaa nawe kama mgeni asiyeaga.

Na bado, jambo la kunikera kupita yote, swali la mwalimu halikuacha. Nilisaga, likaja. Leo umeshukuru nini? Nilijibu kwa ukali, kama mtu anayejibizana na mke mwenza. Nashukuru jiwe limenolewa. Umeridhika? Nashukuru mlenda umetoka laini. Nashukuru kuku mwekundu amerudi mwenyewe bila kutafutwa. Nashukuru bibi amelala, ulimi wake umepumzika. Nilisema hayo kwa kejeli, na kejeli ikaanza kuchakaa mdomoni. Kuna asubuhi nilichungulia nje nikaona umande kwenye majani ya maboga, jua linatokea mlimani, na bibi ameketi chini akiwalisha vifaranga kwa kiganja, akiwaita kwa majina ya wanawe. Hakujua kwamba namsikia. Nikashukuru, na safari hiyo sikuwa na kejeli yoyote. Furaha iliyonijia ilikuwa ndogo, ya ukubwa wa kifaranga, na niliogopa kuigusa.

Kiangazi kilikuwa kimefika kikomo chake padri alipokuja. Hakutufuata sisi, alikuwa anatoka Dodoma kwa miguu na wapagazi wake, punda wake amekufa njiani, na tembe letu ndilo lililokuwa la kwanza kwa anayepanda kutoka bondeni. Nilimjua kwa urefu wake kabla sijaona sura. Nikajificha nyuma ya mlango.

Aliomba maji. Bibi akaingia ndani, akajaza kibuyu maji niliyochota mimi alfajiri, akatoka akamnyooshea kwa mikono miwili. Padri alikuwa ameshika kofia yake kwa mkono wa kushoto, anajipepea. Akanyoosha wa kulia.

Bibi akarudisha kibuyu kifuani.

Padri alidhani hakufikia. Akasogea, akanyoosha tena ule ule mmoja. Bibi akarudisha tena. Ilikuwa enzi ya Mjerumani, na watu walikwisha kuchapwa viboko bomani Kondoa kwa makosa madogo kuliko kumnyima Mzungu maji. Bibi alisema jambo kwa Kirangi, kwa ile sauti ya ganda la mtama, kisha akaniita nitoke nikafasiri, maana Kiswahili kilimpotea kila alipokasirika.

Nikatoka. Sikuwa na pa kujificha. "Shikamoo, padri," nikasema. "Bibi anasema, kwetu mtu mzima hapokei kwa mkono mmoja. Anasema ukipokea kwa mmoja, yeye atajuaje huo mwingine umeficha nini?"

Alinitazama mimi, kisha kibuyu, kisha mikono ya bibi. Mikono ile ilikuwa imezeeka, mishipa juu, viganja viwili vimeungana chini ya kibuyu. Akainama akaiweka kofia yake chini, kwenye vumbi, na akatoa mikono yote miwili. Bibi akampa. Akachuchumaa, akanywa kibuyu chote bila kupumua, kama mtu yeyote mwenye kiu.

Alipomaliza alibaki amechuchumaa. "Wewe ndiye yule wa Pasaka," akasema.

"Ndimi, padri."

"Nilikuuliza unakwenda nayo wapi."

"Nilikuwa siendi nayo popote. Nilikuwa napokea."

Ilinitoka hivyo, kwa sauti ndogo, baada ya miezi yote ile ya kulitafuta jibu. Padri akasugua uso wake kwa vidole vilivyolowa. Nilidhani atanifokea kwa kujibu. Aliokota kofia yake, akaikung'uta vumbi, akaivaa.

"Kukuwekea mkononi siwezi," akasema mwishowe. "Si sheria yangu, ni ya Kanisa, sina ruhusa ya kuibadili." Kisha akaanza kueleza, akitafuta maneno, kwamba kwao Ulaya mama yake anapokwenda kupokea hushika kitambaa cheupe chini ya kidevu, kwa mikono miwili, hivi, ili hata chembe isianguke. Wao mapadri walikuja na kitambaa kama hicho, mchwa wakakila mwaka wa kwanza, na yeye akaona kwamba si lazima. Akanionyesha kwa viganja vyake vilivyo wazi chini ya ndevu zilizojaa vumbi. "Njoo Noeli," akasema. "Uje na kitambaa cheupe, kisafi. Mdomo utafungua, lakini mikono yako itakuwa hapa. Itapokea."

Wakaondoka. Mimi nilibaki nimesimama na kibuyu kitupu, na nilitaka kucheka na kulia, na sikufanya lolote kati ya hayo kwa sababu nilikuwa nimekwisha kufikiri: kitambaa cheupe nitakitoa wapi? Nilivaa ngozi na kipande cha kaniki. Merikani ilikuwa dukani Kondoa, kwa wenye fedha. Niliwaza kuomba misheni, kiburi kikakataa.

Bibi aliniona nimenuna siku ile na ya pili yake. Ya tatu, nikiwa nasaga, aliingia chumba cha ndani, nikamsikia akifungua kilindo, ndugu wa kile kilichoondoka na mtama wa baba. Akarudi na jora la merikani nyeupe, imekunjwa kwa majani makavu isiliwe na wadudu. Kila aliye jirani alijua ile ni nini. Ilikuwa sanda yake. Aliinunua kwa mikono yake mwenyewe miaka mingi nyuma, maana hakuwa na mtoto wa karibu wa kumnunulia.

"Bibi, hapana," nikasema.

"Kaa kimya. Niliinunua nikiwa na mwili. Sasa nimesinyaa, tazama, nimekuwa kama kuku wa kiangazi. Itabaki."

Akakata kwa kisu, kipande cha upana wa ungo, akakipindua kingo na kukishona kwa uzi wa mkonge, huku akinung'unika kwamba Wakristo hawawezi kula bila kuchafuka. Alipomaliza alikinyoosha kwangu. Kwa mikono miwili. Tangu mama alipokufa hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kwa mikono miwili. Chakula niliwekewa, kazi nilionyeshwa. Nikapiga goti nikapokea. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nilikuwa nimeusikia msemo huo maisha yangu yote na nilikuwa sijaona ukitendeka. Nililia hadi bibi akatoka nje kuwaangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

Noeli nilipokea. Watu hunitaka nieleze ilikuwaje, na huwa nawakatisha tamaa. Haikuwa na radi. Ilikuwa nyembamba, haina ladha, ikayeyuka kabla sijaamua nifikiri nini. Sikuwa na wa kwangu kanisani, kama Pasaka, na ukuta nyuma yangu ulikuwa ukuta uleule. Lakini mikono yangu ilikuwa chini ya kidevu, imeshika kitambaa kinachonuka majani ya kilindo cha bibi, na nilijua mimi ni wa nani. Nilikuwa na majibu mawili kwa swali moja, nikacheka, pale pale nimepiga magoti, na msichana wa pili yangu akanifinya.

Nyumbani bibi alikuwa mlangoni. "Wamekupa?"

"Wamenipa."

"Kina ladha gani?"

"Hakina ladha, bibi."

"Mwendo wote huo," akasema, akanisogezea bakuli la mlenda.

Tuliishi hivyo miaka. Wengine misheni nao walianza kuja na vitambaa, wenye uwezo. Mimi nilikifua changu kwa maji ya mchangani na kukianika juu ya paa. Halafu vita ya Wazungu ikaja, askari wakapita wakichukua nafaka na vijana, maduka ya Kondoa yakafungwa, na katika hali hiyo bibi akaugua kifua. Hakuugua sana. Siku ya mwisho aliniita kwa jina la mwanawe mmoja, nikaitika.

Wanawake wa Kiislamu wa kijijini walikuja kumwosha. Walikuwa wema, waliniacha nikae. Walipomvika sanda niliwaona wanavuta, wanapima, wanavuta tena. Hakuwa amesinyaa kiasi alichodai. Miguu ilibaki nje, ile miguu myembamba yenye nyufa, na mkubwa wao akaguna, akauliza kama kuna kitambaa chochote cheupe, popote, maana madukani hakuna.

Nilikwenda kukichukua. Nilikuwa nimekifua juzi yake. Nilimpa kwa mikono miwili, naye akapokea kwa miwili, akakiunganisha kikatosha.

Tangu siku ile tembe lilikuwa langu, na sikumbuki ukimya wa namna ile kabla yake wala baada yake. Nilisaga unga wa mtu mmoja. Niliwaita kuku, na sauti iliyonitoka ilikuwa ya bibi. Jumapili nilikwenda misheni mikono mitupu, nikapiga magoti mahali pangu. Mkono mtupu haulambwi, husema watu, na mimi sikuwa na kingine cha kupeleka. Kushoto kwangu kitambaa, kulia kwangu kitambaa. Nikaunganisha viganja vyangu chini ya kidevu, vimefunguka, havina kitu, nikafungua mdomo.

Padri yuleyule, ndevu zimeingia mvi, akafika mbele yangu akasimama. Alitazama mikono. Nadhani habari za msiba zilikuwa zimemfikia, au labda aliielewa tu. Sikufumba macho. Nilimwona akivuta pumzi, akainama.

Hakunipita.